Kitovu cha Mtoto wa Nyanda

Makofi yalipigwa uwanja mzima, na Koplo Domisiana akatamani kumzaba mtu kofi. Mkuu wa operesheni ya vijiji, tumbo mbele, alikuwa akiisifu timu yao ya polisi, watu watatu tu, waliomtoa katibu wa kijiji mikononi mwa Nyanda bila risasi hata moja.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa!" alinguruma. "Vijana hawa wamefunzwa!"

Walifunzwa kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Wiki iliyopita kule Kaniha, Nyanda, mfugaji wa Kisukuma, alijifungia ndani na katibu na gobore, baada ya kuamriwa avunje nyumba ahamie kijijini. Mgambo walitaka kuvamia. Konstebo Xavery akawarudisha nyuma hatua mia na kuwanyamazisha. Sajini Protasi alivua mkanda na buti, akakaa mavumbini mbele ya mlango, kutwa nzima juani, asitaje gobore hata mara moja. Aliuliza habari za ng'ombe. Aliuliza habari za mvua. Akanyamaza pale ambapo wengine wangeropoka. Mwisho akasikia kichanga kikilia ndani, akauliza kina siku ngapi.

"Nne," Nyanda alijibu. "Kitovu hakijadondoka, Afande. Mama hatolewi nyumbani kabla ya hapo. Na kikidondoka, kinazikwa hapa hapa mlangoni. Niliwaambia, wakacheka."

Kumbe ni hilo tu! Hata hivyo Protasi hakuahidi kitu, maana sharti lao la kwanza ni kutoahidi usichonacho mkononi. Alimtuma Domisiana kwa mkuu. Mkuu akaapa kwamba nyumba haitaguswa hadi kitovu kizikwe. Domisiana akaandika kwenye daftari, mkuu akatia sahihi, naye akarudi kuyasoma maneno yale mlangoni. Gobore likatoka kwanza, kitako kikitangulia. Kisha katibu. Kisha Nyanda mwenyewe, mikono juu.

Kesho yake, Nyanda akiwa mahabusu, nyumba ikachomwa. Mkewe, Ng'washi, alitolewa na kichanga chake kwenye umande. Ahadi ni deni, wanasema, lakini mkuu aliitupa kama ganda la ndizi, na mdomo ulioisoma ulikuwa wa Domisiana.

"Koplo Domisiana, njoo upokee hati yako ya pongezi!"

Alikwenda. Alipofika mezani alimwona Ng'washi akipenya umati, mtoto kifuani, kitambaa kilichofungwa fundo kikiwa mkononi. Hakumtazama mkuu. Alimwendea yule aliyeisoma ahadi.

"Shikamoo, Afande. Kitovu kimedondoka jana. Nikizike wapi?"

Domisiana alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, akakiweka juu ya hati, kisha akalifungua daftari pale penye sahihi.

"Ndugu Mkuu," alisema, na uwanja wote ukamsikia, "mjibu wewe. Na siku nyingine mtu akijifungia na gobore, nenda ukakae mavumbini mwenyewe. Sisi umetuchomea neno letu, hatuna lingine la kumpa."

Mkuu alitazama viatu vyake. Hakuna aliyepiga makofi tena, na Ng'washi alikuwa bado amesimama pale pale, akingoja kuonyeshwa pa kuchimba.