Ukungu wa Saa Nne

Mimi si mtu wa kubembelezwa, lakini lile ziwa lilinibembeleza nikabembelezeka. Siku tatu nzima nilikaa kwenye baraza la nyumba ya wageni na blanketi mabegani, maji mbele yangu yametulia tuli, milima nyuma, na hakuna mteja wa kuniuliza gauni lake limefikia wapi. Kwa fundi cherehani wa miaka ishirini na sita, kutoulizwa gauni ni nusu ya pepo.

Safari yenyewe niliahidiwa tukiwa wachumba. Mume wangu alikuwa dereva wa malori, na wenzake walimwita Kona, kwa jinsi alivyozijua kona zote za mlima unaopanda hadi huku. Alipita kwenye barabara iliyo juu ya ziwa hili na shehena ya saruji mara zisizo idadi, na kila akirudi ananiambia mwaka huu nitakupeleka. Mwaka huu ukazaa mwaka huu mwingine. Alipostaafu tu nikafunika cherehani, nikamwambia haya, sasa huna saruji ya kusingizia.

Tulipanda na pikapu yetu kuukuu. Kona aliendesha pole pole ajabu, honi kila mahali, nami nikajisemea kumbe uzee ni dawa, hata huyu amepata adabu. Nikasinzia zangu.

Kuna jambo sijalisema. Zamani, jioni akiwa nyumbani, yeye ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano. Macho yake yangehesabu sisimizi ukutani. Mwaka jana akaacha, eti hiyo kazi ya wanawake. Nilinuna siku mbili, yakaisha. Sasa siku ya pili pale ziwani kifungo cha koti lake kikalegea, nikampa sindano kwa utani, nikamwambia hapa hakuna mwanamke wala mwanamume, sote wageni. Aliulenga uzi hewani mara tatu, kisha akanirudishia, akasema kahawa yake inapoa. Kikombe kilikuwa kitupu. Nikautunga uzi mwenyewe, nikakishona kifungo.

Asubuhi ya kuondoka ukungu ulikuwa mzito, hata ngazi za baraza huzioni. Mhudumu alituambia tusiwe na haraka, kabla ya saa nne utakuwa umekwisha. Kweli, saa tatu na nusu jua likauchana. Ng'ambo nikaona mashamba, mabati ya nyumba, mtumbwi mmoja, na mwanamke anaanika shuka. Nilifunga mabegi, nikatoka, nikamkuta Kona ameketi kivulini mwa baraza, funguo mkononi, uso ameuelekeza kwenye maji yanayometa.

"Ukungu wa leo mkaidi," akasema. "Tungoje uondoke ndipo tuteremke."

Nilikasirika, sitaficha. Kona zote zile, na korongo pembeni, na mimi nimelala fofofo nikidhani ni adabu! Maneno yalinijaa mdomoni. Halafu nikaona kidole gumba chake kinavyousugua ufunguo, kinausugua tu, hasira ikageuka huruma. Mtu aliyeitwa Kona maisha yake yote, ukimnyang'anya usukani utamwita nani?

Nikaketi karibu yake.

"Ukungu umeondoka, baba. Umeondoka nusu saa sasa."

Aliacha kuusugua ufunguo. Kisha akaniuliza naona nini. Nikamweleza mtumbwi, mabati, yule mwanamke na shuka zake za mistari, naye akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akasema lilianza jicho la kushoto, la kulia likafuata, na hospitali hakwenda kwa kuogopa kuambiwa asiendeshe tena. Nikamwambia mtoto wa jicho hutolewa, shangazi yangu alitolewa wake na sasa anaona hata yasiyomhusu. Akacheka kidogo.

"Na leo nani atatuteremsha, mama?"

Nikafungua mkoba, nikamwekea leseni yangu kiganjani. Nilikuwa nayo mwaka wa pili. Nilijifunza kila Jumamosi, yeye akidhani nimefuata vitambaa sokoni, maana nilijua angeniambia gari si cherehani. Kumbe tulikuwa tunafichana wote wawili. Aliipapasa ile kadi huku na huku.

"Mwanamke wewe," akasema. Akanipa funguo, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa mikono yake miwili.

Tuliteremka. Kona alikaa kando yangu, amefumba macho, viganja magotini. Akaniambia niingize gia ya pili, inakuja kali, inavuta kulia, nipige honi. Ikaja, ikavuta kulia. Akaniambia inayofuata ina mawe ukingoni, nisiikumbatie. Mawe yalikuwapo. Kona thelathini na moja alinitajia moja moja kabla sijaziona, na hakukosea hata moja.

Ya thelathini na mbili, ya mwisho, niliiona mwenyewe kutoka mbali. Nikapunguza mwendo, nikangoja aniambie.