Jovitha Anaomba Kuingia

Jumanne, ikifika saa kumi na moja kasorobo jioni, Elieshi huteremsha nusu ya mlango wa chuma wa duka lake la mashuka, mtaa wa Sikukuu, huweka kompyuta juu ya marobota mawili na kufungua chumba cha semina. Semina ya viongozi wa kanisa ilihamia mtandaoni baada ya mvua kufunga njia ya Jangwani kwa siku tisa, wazee wa Magomeni wakagundua kwamba mtu anaweza kufundishwa uongozi akiwa amevaa koti juu na kaptura chini. Tangu hapo hawakutaka tena kukutana ana kwa ana. Wanaohudhuria ni wazee wa kanisa arobaini na watatu kutoka sharika saba. Kazi ya kuwafungulia ilimwangukia Elieshi kwa sababu alikuwa katibu wa baraza la wazee, na kwa sababu dukani kwake intaneti haikatiki. Waya wake umeunganishwa na wa jirani yake Abdulhadi, muuza udi na ubani, mtu asiyependa kitu chake kichezewe.

Anayetaka kuingia, jina lake hukaa kwanza kwenye chumba cha kusubiri. Elieshi hulisoma, hubonyeza "Ruhusu", mtu anaingia. Jumanne ya kwanza ya mwezi Machi alikuwa amesharuhusu watu thelathini na tisa pale lilipotokea jina la mdogo wake Jovitha, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja na miezi miwili kabla. Elieshi alilisoma, akabonyeza "Ruhusu".

Jovitha aliingia akiwa na gauni jeupe walilomzika nalo. Nyuma yake ilionekana migomba ya kihamba cha baba yao kule Machame, imelowa mvua, na mapajani amempakata mtoto mchanga. Picha yake haikukwama hata mara moja. Mchungaji Benjamini, aliyekuwa akiongoza sala ya ufunguzi, alimwambia Bwana asifiwe, akamwomba asogee kidogo kwenye mwanga, kisha akauliza kama amejiandikisha. Elieshi alisema atamwandikisha yeye. Akaandika namba arobaini, Jovitha. Alifikiri kidogo, akaongeza: na mtoto.

Mada ya siku hiyo ilikuwa Nidhamu na Malezi ya Kundi. Mkufunzi alikuwa mzee Elimringi, mwenyekiti wa baraza, mwenye duka la mabati Gerezani. Alikuwa na sauti nzuri ya redioni na mwanya mpana katika meno ya mbele, na akitabasamu watu humwamini kabla hajasema neno. Alipomwona Jovitha alikunywa maji, akaendelea na kipengele cha pili.

Hapa inabidi mambo yasemwe wazi, maana kuyafunika ndiko kulikoyafikisha yalipofika. Katika usharika wa Elieshi, msichana akipata mimba bila ndoa huitwa mbele ya baraza, huulizwa aliyempa mimba, kisha hutengwa. Hakaribii meza ya Bwana mpaka Jumapili moja asimame mbele ya waumini wote, atubu, arudishwe kundini. Mwanamume aliyetajwa naye hutengwa. Ndivyo kanuni inavyosema. Jovitha aliitwa, akaulizwa, akamtaja Elimringi. Elimringi alikuwa amekaa mbele yake kwenye kiti cha mwenyekiti, na yeye ndiye aliyeuliza swali. Kesi ya nyani kaletewa ngedere. Wazee wengine walitazama dari. Elimringi akamgeukia katibu, akamwambia kwa upole kabisa, "Andika, dada katibu. Aliulizwa, akakataa kumtaja."

Na Elieshi, dada wa tumbo moja, aliandika. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, kwa sababu katika miaka kumi na moja ya ukatibu hakuwahi kuandika jambo ambalo mwenyekiti hakulisema.

Jovitha alifariki mwezi wa nane wa mimba, yeye na mtoto, kabla hajasimama kutubu. Mwili ulipelekwa kuzikwa nyumbani, kama ilivyo desturi ya Wachaga, na usharika wa kule ukaomba barua kutoka Dar es Salaam, kama ilivyo desturi pia. Barua aliichapa Elieshi, muhuri akaugonga Elieshi. Ilikuwa na mstari mmoja wa maana: marehemu alikuwa ametengwa. Kwa hiyo kengele haikulia, jeneza halikuingizwa kanisani, mchungaji hakuja. Mjomba mmoja alisoma zaburi kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Tangu siku hiyo Elieshi alitembea na kitu kifuani. Kilikuwa chuki, naye hakukitafutia jina lenye heshima zaidi.

Jumanne iliyofuata Jovitha aliomba kuingia tena, na alipoingia akanyoosha mkono. Elimringi hakumpa nafasi. Jumanne ya tatu akanyoosha, hakupewa. Mtoto naye alikuwa akikua upesi kuliko watoto wa watu. Wiki ya pili aliketi, wiki ya tatu akatambaa kati ya migomba, wiki ya nne akaota meno, na yale ya juu ya mbele yalikuwa na mwanya. Wazee waliandika kwenye sehemu ya ujumbe kwamba mtoto ana afya na Mungu ni mwema. Mama Josepha wa Buguruni aliandika kwamba amefanana sana na mtu anayemfahamu, ila jina limemtoka.

Jumanne ya tano Elieshi alifungua maiki ya Jovitha bila kumwuliza mtu.

"Shikamooni wazee," Jovitha alisema.

Waliitikia marahaba, wote, hata Elimringi, kwa mazoea.

"Naomba muhtasari wa kikao changu usomwe."

Kusomwa kwa muhtasari ni haki ya kila kikao, na kanuni hiyo Elimringi mwenyewe alikuwa ameifundisha wiki mbili nyuma. Elieshi alilitoa daftari chini ya robota, akalifungua, hakulitazama. Alisema Jovitha aliulizwa aliyempa mimba, akamtaja mzee Elimringi. Mwenyekiti akamwambia katibu aandike kwamba amekataa. Katibu akaandika.

Kwenye maiki ya mtu fulani kilisikika kipaza sauti cha muuza vyombo kikinadi masufuria. Mchungaji Benjamini alisafisha koo.

"Mama Elieshi, ndivyo ilivyoandikwa hapo?"

"Hapana, mchungaji. Ndivyo ilivyokuwa."

Walijadili kwa dakika arobaini, na lazima wasifiwe kwamba hakuna aliyebisha. Hata Elimringi hakubisha. Walichojadili ni utaratibu. Ikaonekana kwamba muhtasari ukishathibitishwa hausahihishwi mpaka aombe muumini aliye kundini. Jovitha hayuko kundini. Ili arudi kundini ni lazima asimame kanisani kwa miguu yake, siku ya Jumapili, na kwa hali aliyo nayo jambo hilo lilikuwa gumu. Mchungaji Benjamini alimwambia kwamba kanisa linampenda. Jovitha aliitikia kwa kichwa, akamfuta mtoto makamasi.

Likabaki suala la katibu. Elieshi alikuwa amekiri mbele ya kikao kwamba aliandika uongo, na alikuwa amemwaibisha kiongozi mbele ya sharika saba. Wakapiga kura kumtenga. Kuhesabu mikono ni kazi ya mwenye chumba, kwa hiyo alihesabu yeye mwenyewe: thelathini na nane. Mkono wa Jovitha haukuhesabiwa. Elimringi alishukuru kwa busara ya wajumbe, akafunga kwa sala ndefu.

Kesho yake walituma mtu kuchukua muhuri na daftari. Chumba cha semina hawakuweza kukichukua, kwa kuwa kilikuwa kwa jina la Elieshi na hakuna mzee aliyejua namna ya kufungua kingine. Mchungaji akampigia simu, akamwomba aendelee kuwafungulia, huduma isisimame. Elieshi akakubali.

Abdulhadi, aliyekuwa amesikia yote kupitia ukuta wa mbao, alimletea kikombe cha kahawa.

"Dada Elieshi, kwetu maiti haulizwi maswali. Anaoshwa, anaswaliwa, anazikwa. Hao watu wako bado unawafungulia?"

"Nawafungulia. Mlango ukiwa mkononi mwangu, siuachi."

Abdulhadi alifikiria hilo. Akasema la kuvunda halina ubani, na kwamba yeye ndiye muuza ubani, anajua.

Mwezi wa Novemba Elimringi alianguka dukani kwake kati ya mabati, presha, akafariki kabla ya kufika hospitali. Alikuwa amechaguliwa tena mwenyekiti mwezi mmoja kabla, bila mpinzani. Kengele ililia hapa na ikalia kule kwao. Wachungaji saba waliongoza ibada, kwaya mbili zilikodiwa mabasi, na barua ya katibu mpya ilisema marehemu alilitumikia kundi bila doa. Elieshi alihudhuria. Alisimama nje ya kanisa, juani, mahali pa waliotengwa, na alifurahi. Alifurahi vibaya, na hakumwomba mtu msamaha kwa furaha hiyo.

Jumanne iliyofuata, alipofungua kompyuta, jina la kwanza kwenye chumba cha kusubiri lilikuwa la mzee Elimringi. Elieshi alilisoma. Aliwaruhusu wengine, mmoja mmoja, kisha Jovitha na mtoto, ambaye sasa alikuwa anatembea na kuvuta kopo lililofungwa kamba. Sala ya ufunguzi ikasaliwa. Katikati ya kipengele cha kwanza simu ya Mchungaji Benjamini ililia, akausoma ujumbe, akavua miwani.

"Mama Elieshi, mzee Elimringi anasema yuko nje muda mrefu. Anasema kuna baridi."

"Namwona, mchungaji."

"Basi mruhusu."

"Mimi nimetengwa," Elieshi alisema. "Aliyetengwa hawezi kumwingiza mtu kundini. Mkinirudisha, tutazungumza."

Ikaonekana kwamba kumrudisha Elieshi kunahitaji muhtasari usahihishwe, na muhtasari hausahihishwi mpaka aombe muumini aliye kundini. Mchungaji aliuliza kama yupo kati yao wa kuomba. Wazee walitazama dari, kila mmoja dari ya kwake. Shauri likaahirishwa hadi kikao kijacho, na limekuwa likiahirishwa tangu hapo.

Muhtasari uko kabatini kama ulivyoandikwa. Barua iko kwenye faili kule Machame, na kengele haijalia kwa ajili ya Jovitha. Semina inaendelea, vyeti hutolewa kila robo mwaka, mtoto amejifunza kusema Bwana asifiwe na wazee humwitikia. Kila Jumanne jina la Elimringi huwa la kwanza. Elieshi hulisoma, huuweka mshale juu ya neno "Ruhusu", huuacha hapo hapo, kisha hugeuka akapanga mashuka mpaka sala ya kufunga. Semina ikiisha, huteremsha mlango wa duka hadi chini.