Ua la Nta la Ghorofa ya Tatu

Juni ikiingia, wanawake wa jengo letu hapa mjini Sliven hawaulizani habari za afya. Wanaulizana kimechanua nini. Kwenye benchi la mbele ya mlango kila mmoja hutoa taarifa yake: wa ghorofa ya kwanza waridi lake la Kichina limefungua maua mawili, wa ghorofa ya pili kaktasi yake imetoa ua kubwa kuliko kikombe. Husema hivyo kwa sauti ya chini, kana kwamba ua limejichanulia lenyewe na wao hawakuamka alfajiri kulipulizia maji. Ukishaambiwa unatakiwa upande ukaone. Usipopanda, utanuniwa mpaka vuli.

Mwaka huu Dochka hakuulizwa na mtu. Mama yake, Stoyna, alifariki Januari, na tangazo la kifo lenye picha yake lilikuwa bado limebandikwa mlangoni, kakaza midomo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Dochka alikuwa na miaka arobaini na saba na alipima watu macho kwenye duka la miwani. Alitoka kazini, akasalimu benchi, akapanda ghorofa ya nne, akafunga mlango. Hivyo kila siku.

Tangu Januari alikuwa hasikii kitu moyoni. Huzuni angeijua, huzuni aliwahi kuwa nayo. Hii ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini si wako. Hakulia siku ya kifo, hakulia makaburini, hakulia siku ya arobaini. Watu waliliona hilo, na wakaliongea vya kutosha.

Kuna jambo moja aliloficha. Majira ya baridi Stoyna alilala jikoni, penye joto, na ukuta mzima wa jikoni ulikuwa umetambaliwa na ua la nta, mmea wa miaka thelathini na miwili uliofungiwa nyuzi mpaka ukazunguka dirisha lote. Kila Julai lilitoa vishada vya maua madogo ya waridi, yanayong'aa kama yametengenezwa kwa mshumaa. Huku kwetu mtu akikata roho dirisha hufunguliwa, roho ipate njia. Dochka alifungua. Kisha akaja daktari, zikaja karatasi, wakaja watu wa jeneza, na hakuna aliyekumbuka kufunga. Nje baridi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Kesho yake majani yalikuwa kama kioo. Siku ya tatu yakawa meusi na kuteleza. Alilitia kwenye mifuko miwili ya taka. Walipomuuliza, akasema amempa binamu yake wa Yambol. Binamu huyo yupo kweli, ila kwake hata maua ya plastiki hayadumu.

Stoyna aligawa vipandikizi vya kila kitu isipokuwa ua la nta. Mwenyewe alilipata kwa wizi: tawi alilichomoa kwenye ofisi ya katibu wa kiwanda cha nguo alikofanya kazi, akalitoa getini ndani ya mkoba, chini ya mkate. Huku tunaamini tawi la wizi ndilo linaloshika vizuri, na kwamba ukipewa tawi ukashukuru, litanyauka. Kwa hiyo hakuona haya kabisa. Lakini miaka tisa iliyopita, siku ambayo jirani yake Tsonka wa ghorofa ya tatu alikuja kuazima vifuniko vya chupa za kachumbari, Stoyna alikuta tawi lake limekatwa na utomvu mweupe bado unadondoka. Akashuka kwa Tsonka. Dochka alikuwa ngazini, akayasikia yote.

"Ungeomba."

"Ungenipa?"

"Nisingekupa. Lakini ungeomba."

"Sijaiba," Tsonka akasema, uso mkavu kabisa, akafunga mlango.

Hawakusemeshana tena. Miaka tisa walipishana kwenye ngazi kama magunia mawili.

Tarehe kumi na mbili Julai ilitimia nusu mwaka. Dochka alichemsha ngano, akaitia sukari na jozi, akaijaza kwenye vikombe vya plastiki na kwenda kuigawa mlango kwa mlango, kama inavyofanywa kwa ajili ya marehemu. Alianzia chini. Mlango wa Tsonka aliuacha wa mwisho, na alitamani asikute mtu.

Tsonka alikuwepo: mfupi, miaka sabini na kitu, nywele kazipaka rangi ya biringani.

"Kwa ajili ya mama," Dochka akasema.

"Mungu amsamehe." Tsonka akapokea kikombe. Chakula cha marehemu nacho hakishukuriwi.

Hapo ndipo harufu ilipotoka nyuma yake, tamu na nzito, kama asali iliyopashwa moto. Dochka alikulia ndani ya harufu hiyo. Mkono ulioshika sinia ulibaki hewani.

"Kwako kimechanua nini, shangazi?"

"Hakuna kitu. Geraniamu."

"Geraniamu hainukii hivi."

"Basi ni sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya kufulia. Wewe umekuja kugawa ngano au kunikagua?"

Dochka alitazama kizingiti. Halafu akalisema, kwa sauti ileile anayotumia kuwaambia wateja wasome herufi za ukutani.

"La mama limekufa, shangazi. Nililiua mimi. Nilifungua dirisha siku ile nikasahau kufunga. Binamu sikumpa kitu."

Tsonka alichota kijiko cha ngano, akatafuna taratibu, akameza.

"Vua viatu," akasema.

Alimpeleka chumbani kwake. Pazia lilikuwa limefungwa mchana kweupe, na nyuma ya pazia, kutoka kwenye kabati hadi kwenye fimbo ya pazia na kurudi, lilikuwepo ua la nta. Vishada kumi na vinne. Kila ua na nyota yake nyekundu katikati.

"Mwaka wa pili tu lilichanua," Tsonka akasema. "Unajua ilivyo kukaa kwenye lile benchi, yule anatusumbua na kaktasi yake, ua moja, moja, na mimi nimenyamaza na hili liko juu yangu?"

"Ungesema."

"Ningesema, nani angenyamaza? Mama yako angeshuka mbio kuja kuona." Alivuta pazia likae sawa. "Na mimi nilitaka aje. Kila Julai nilitaka aje. Mjinga mimi."

Dochka alisogea mpaka pua ikagusa jani. Alisubiri. Hakikuja kitu.

"Naliangalia tu, shangazi. Sisikii chochote."

"Usisikie. Nani kakuomba usikie?"

Dochka aligusa tawi moja kwa kidole.

"Utanipa tawi?"

"Sikupi."

"Shangazi, tafadhali."

"Umeona? Nikikupa utashukuru. Nakujua, umelelewa vizuri kupita kiasi. Litakufia la pili hilo." Tsonka akamalizia ngano iliyobaki, akabaki na kikombe kitupu. "Naenda kuosha hiki. Mkasi uko droo ya juu, sijui hata kwa nini nakwambia. Na bomba langu lina kelele, likifunguliwa sisikii kitu."

Akaenda. Maji yakafunguliwa jikoni, yakaendelea kutiririka, muda mrefu sana kwa kikombe kimoja cha plastiki.

Dochka alifungua droo. Alichagua tawi lenye majani manne, lisilo na kishada, maana mama yake alimfundisha kikonyo cha ua hakikatwi. Mwaka unaofuata maua hurudi palepale. Akakata. Utomvu mweupe ukamchuruzikia vidoleni, wa vuguvugu kwa sababu ya jua la dirishani. Alilaza tawi kwenye sinia, akalifunika kwa kitambaa, akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka.

Alikuwa amepanda ngazi tano aliposikia mlango.

"Dochka."

Aligeuka. Tsonka alikuwa anajifuta mikono kwa aproni, macho kwenye sinia.

"Umeniibia?"

Dochka aliandaa uso mkavu, ule alioukumbuka vizuri.

"Sijai..." akasema, na sauti ikamkatikia hapohapo. Alijaribu tena. "Sijaiba."

"Nilijua tu," Tsonka akasema, akafunga mlango polepole.

Dochka alikaa pale pale, sinia mapajani, vidole vinanata. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mpaka taa ya ngazi, ambayo hujizima yenyewe baada ya dakika moja, ikazimika. Akanyoosha mkono, akaiwasha, akaendelea.