Fungu la Mzazi

"Fungua mesobu," alisema Abba Gebreyes, nami nikajua Askale jirani amekwisha kunichongea.

Mesobu yangu, kapu la kuwekea injera, mkate wetu, nililopewa siku ya harusi, ilikuwa pembeni ya jiko, kifuniko kimeegeshwa tu. Nyumba nzima ilinuka maini. Ilikuwa wiki ya tatu ya Kwaresima yetu, siku hamsini na tano bila nyama, bila maziwa, bila yai, na mbele yangu amesimama padri aliyeniungamisha tangu usichana.

"Zenebech, mwanangu, watu wamekuona ukitoka kwa Endris."

Hapa Dessie, sisi na Waislamu tunazikana na kunywa kahawa pamoja, lakini nyama kila mtu ana bucha yake. Mimi ndiyo usiseme. Miaka ishirini nilipita mbele ya bucha ya Endris nimeziba pua kwa ncha ya mtandio, makusudi, anione.

Kisa kilikuwa paka. Nilimwokota mtaroni asubuhi moja, bajaji imemponda mguu wa nyuma, tumbo limejaa. Mume wangu alikuwa amefariki miezi saba kabla, nami nilishazoea kushinda kutwa bila kufungua mdomo. Nikambeba huku namtukana: mjinga wewe, barabara huioni? Nilishtuka kuisikia sauti yangu mwenyewe.

Kesho yake akazaa wanne ndani ya mesobu. Nikampa shiro, mchuzi wetu wa mfungo. Akainusa, akanitazama kama mama mkwe. Siku ya tano mbavu zake zilikuwa zinahesabika na watoto wananyonya ziwa kavu. Bucha za Kikristo zote zimefungwa hadi Pasaka. Niliona kabisa kwamba atakufa, na nyumba itarudia ukimya wake, na huo ukimya sikuuweza tena. Nikaenda kwa Endris.

"Sili mimi," nilianza, hata salamu sikutoa. "Ni paka. Amezaa."

Endris alikuwa ananoa kisu. Alinitazama kidogo, akakata ini, akalifunga kwenye gazeti. Hela yangu hakuigusa.

"Fungu la mzazi," alisema. "Na kesho uje."

Nikaenda kesho, na keshokutwa, mpaka Askale akaniona.

Basi nikafunua mesobu. Abba aliinama. Watoto walikuwa wamelaliana juu ya mama yao, naye akamwonyesha padri meno. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Anayenyonyesha hafungi," alisema alipomaliza kucheka. "Ndiyo sheria yetu. Na stoo ya kanisa panya wanatafuna mishumaa, kwa hiyo huyo mtoto mweusi akiacha ziwa ni wangu. Una la kuungama?"

"Ninalo, Abba. Si la nyama." Nikamweleza habari ya mtandio.

"Hilo kamwambie Endris."

Baada ya Pasaka mweusi akaenda kanisani. Askale akaja na uso wa aibu kuomba wa madoa. Nikamsema kwanza, ndipo nikampa. Wawili wa mwisho, wasioachana hata kwa kulala, niliwabeba mwenyewe kwenye aproni hadi kwa Endris na mkewe Toyba.

"Kaka yangu," nilimwambia, "nisamehe ile pua yangu."

"Pua gani? Mimi nilidhani una mafua. Miaka ishirini nasema, maskini mama wa watu, mafua gani haya yasiyopona."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Mama mtu nilibaki naye. Kwa miaka tisa, kila Jumatano na Ijumaa, siku zetu za kufunga, kifurushi kilikuwa tayari. Endris aliijua kalenda yetu kuliko Askale.

Mwaka jana tulimzika Endris. Nililia kama ndugu wa tumbo moja. Jumatano iliyofuata nilikwenda kushinda na Toyba, aliyekuwa eda. Kifurushi sikukiwaza. Nilipoinuka kuaga akanishika mkono.

"Subiri, dada."

Akaingia ndani, akatoka na gazeti lililokunjwa. Nikalifungua palepale. Ini lilikuwa limekatwa vipande vidogovidogo, kama vya mtoto.

"Fungu la mzazi," alisema. "Alituagiza tulikate hivyo. Alisema siku hizi paka wako meno yamemwisha."

Nilimkumbatia. Kisha nikarudi nyumbani kwa njia ya bucha, mtandio mabegani, kifurushi nimekishika kwa mikono miwili.