Sahani kwa Mama Verlene

Ukiwa na mtoto wa rap, anayechana mistari, msikilize wewe kabla dunia haijamsikiliza. Verlene hakusikiliza. Alijua tu kwamba Tavarius wake, yule Mfalme Tav wa mabango na televisheni, ana wimbo mpya unaovuma Marekani nzima, na yeye akawa anaucheza jikoni huku akichambua mboga, kiuno kikigonga friji. Maneno yalikuwa yanapita mbio, nani ana muda?

Jumapili akirudi kanisani na mdogo wake Ozella, akakuta foleni imeanzia kibarazani kwake mpaka kona. Nusu ya mtaa wa Orange Mound, hapa Memphis, iko pale, wengine na viti vyao.

"Habari za ibada, mama?" akasema mzee mmoja. "Tumekuja kula."

"Kula nini?"

Foleni nzima ikamwimbia mistari ya mwanawe. Mwenye njaa Jumapili aende kwa mama, nyumba ya kijani, sahani haikosekani!

Ozella alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Dada, umekuwa hoteli!"

Verlene akampigia mwanawe. Tav alikuwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Jioni ile angeonekana kwenye kipindi kikubwa cha televisheni kule New York.

"Wafukuze, mama. Ni wimbo tu."

"Niwaambie mwanangu muongo?"

Tav akamwambia dereva ageuze gari. Memphis humsamehe msanii kila kitu, isipokuwa kuchana asichokiishi. Akishaitwa muongo, hata watoto wa shule watamzomea. Na tayari kijana mmoja kwenye foleni alikuwa anarekodi: "Leo tutajua kama ni mfalme au muigizaji!"

Dakika chache baadaye, gari jeupe likafunga breki. Tav akashuka na koti la manyoya, meno ya dhahabu yanawaka. Mama yake akamvua koti, akamfunga aproni ya maua.

"Kambale wale pale. Unga wa mahindi ule pale. Kaanga!"

Akakaanga! Mafuta yanaruka, naye anaruka, kila sahani inatoka na mstari wake. Foleni inacheza, majirani wanaleta mikate, Verlene anacheka mpaka machozi, na ndege imeshaondoka zake. Ozella amekaa dirishani na sahani ya tatu.

"Mfalme, chumvi! Mfalme, huyu kambale hajaiva, ananikonyeza!"

Watu wakaanza kuliita jina lake. Tav akapanda juu ya kiti na aproni yake, kalewa furaha. Verlene alipoona kile kinywa kinafunguka, akajua kinachokuja. Akakimbia na mwiko mkononi.

"Tavarius! Fikiri kwanza!"

Wapi!

"Jumapili ijayo kwa mama mdogo Ozella, nyumba ya bluu, mbavu za kuchoma hazikosekani!"

Mtaa ukapiga yowe. Kijana wa simu alikuwa bado anarekodi. Ozella, mdomo umejaa, akaacha kutafuna.

"Tav! Futa hilo!"

"Limeshatoka, mama mdogo."

Verlene akamfungua mwanawe aproni, taratibu, akaikunja vizuri, akamwekea Ozella mapajani.