Kamba ya Gunia la Kokoto

Nikisali alfajiri huwaombea kwanza wazazi wangu, Mungu awarehemu, kisha binti yangu Ilhan na wanawe, kisha Mahat. Ilhan aliponisikia mara ya kwanza aliniuliza Mahat yupi, maana akina Mahat ni wengi hapa Banissa. Nikamwambia ni yule Mborana wa Wajir, mchimba mashimo, na aniache nimalize dua yangu. Mimi sina subira, kila mtu anajua. Lakini kwa kijana huyo nitashukuru mpaka ulimi ukauke, na anayetaka kuniuliza kwa nini, akae chini kwanza anywe chai asikilize mpaka mwisho.

Mahat alikuja na kampuni ndogo ya kutafuta almasi na madini. Nikisema ndogo, ni ndogo kweli: yeye mwenyewe, dereva wake Deeq, gari moja kuukuu lenye mlango uliofungwa kwa waya, na vibarua aliowaandika hapa hapa. Wenye pesa walikuwa Nairobi. Walikuwa wamepata leseni ya kuchunguza kando ya laga yetu, ule mto mkavu unaopitisha maji siku za mvua tu. Mahat aliamini kwamba hapo zamani za kale ulikuwa mto mkubwa, na huenda ulibeba almasi kutoka milimani ukaziacha chini kabisa, kwenye kokoto. Alitueleza hayo mbele ya wazee kwa Kiswahili, kwa sababu Kisomali chake ni cha kununulia sukari tu, na Kiborana changu ni kibaya zaidi. Mimi Kiswahili nilikipata Garissa, miaka niliyouza maziwa ya ngamia sokoni. Basi mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwambia atafute almasi zake anavyotaka, ila mashimo yake yasiwadhuru wanyama wetu. Akaahidi, mkono kifuani.

Mimi mnyama wangu alikuwa mmoja. Ukame ule mkubwa ulinipokonya wengine wote, mmoja mmoja, hadi nikachoka kulia. Aliyebaki ni Timiro, ngamia jike, nimempa jina hilo kwa sababu kwetu timir ni tende, na rangi yake ni ya tende. Alikuwa na mimba, na mimba ilikuwa imefika mwisho. Akizaa, mimi na Ilhan na watoto tutakunywa maziwa, tutauza kidogo, tutakuwa watu tena. Akifa, tutafunga virago twende mjini tukakae kwa jamaa, tule kwa macho ya watu. Nilikuwa nimekwisha kuishi hivyo mara moja na niliapa sitarudia. Kwa hiyo Timiro hakuwa ngamia tu, alikuwa nyumba yangu.

Asubuhi moja, baada tu ya sala, fisi walipita karibu na zizi. Timiro akashtuka, akavunja ua wa miiba akakimbia kuelekea laga. Mimi na kaka yangu Jelle tukamfuata kwa nyayo zake. Nyayo zilitupeleka moja kwa moja mpaka kwenye shimo la Mahat, na hapo zikaisha.

Shimo lenyewe lilikuwa refu na jembamba, kama mtaro, na kina chake kilimmeza mtu mzima na kofia yake. Timiro alikuwa chini, amekunja miguu, ubavu wake umebanwa na ukuta. Na mnajua walilizungushia nini shimo hilo ili wanyama wasianguke? Utepe. Utepe wa plastiki, mwekundu na mweupe, umeandikwa maneno ya hatari. Mahat alipokuja mbio, kanzu ya kulalia bado mwilini, nilimuuliza kama ngamia wa kwao Wajir wamesoma mpaka darasa la ngapi. Nilimwambia na mengine ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Hakujitetea. Alisema kosa ni lake, na akashuka shimoni kumtazama mnyama.

Alipanda juu uso umembadilika. Mahat ni mtoto wa wafugaji, chuo hakikumsahaulisha. Aliniambia polepole, kana kwamba ananiletea habari ya msiba, kwamba uchungu wa kuzaa umeshamshika. Nami nikachungulia nikaona kweli. Mle ndani hamkuwa na nafasi ya ndama kutoka. Angekufa yeye, na mama yake angekufa naye.

Walianza kwa kamba. Deeq aliifunga kwenye gari, wanaume wakampitishia Timiro turubai tumboni, gari likavuta. Timiro alilia mlio ambao mpaka leo nikiukumbuka nywele zinanisimama. Turubai lilikuwa linamkaba tumbo lenye ndama. Nikapiga kelele waache, na Mahat akapiga kelele kunizidi, gari likazimwa.

Ikabaki njia moja, ya kufukia. Unamwaga udongo kidogo kidogo, mnyama anaukanyaga, sakafu inapanda, naye anapanda nayo. Udongo uliotolewa shimoni ulikuwa umerundikwa kando, basi watu wote wakashika mabeleshi, wasio nayo wakatumia karai na mikono. Jelle na vibarua wawili walishuka, wakamvuta mkia mpaka akasimama. Udongo ulimfika magotini, akajitoa, akakanyaga juu yake. Tukamwaga tena, akapanda tena. Nilianza kusema alhamdulillahi. Kisha udongo ukaisha.

Mwingine Deeq alikuwa ameupeleka siku za nyuma kuziba njia pale gari linapovuka laga. Timiro alikuwa nusu ya safari, kichwa na nundu vimetokeza juu, miguu bado iko ndani. Vijana wakaanza kuchimba ardhi ya kando. Ardhi yetu jua limeshaioka, sururu ilikuwa inaruka na kuwasha cheche. Kwa mwendo ule wangepata udongo wa kutosha kesho yake. Na Timiro alikuwa ameanza kutetemeka miguu ya nyuma.

Kitu pekee kilicholegea mahali pale kilikuwa magunia.

Niwaeleze magunia hayo. Yalikuwa na kokoto kutoka chini kabisa ya shimo, yale matabaka Mahat aliyoyafikia baada ya msimu mzima wa kazi. Yalipangwa chini ya turubai, kila moja limefungwa kwa kamba ya kijani na kutiwa alama ya kina lilikotoka. Katika kokoto hizo Mahat alikuwa ameona vijiwe vyekundu vyeusi-vyeusi, vidogo kama punje za mtama, ambavyo alisema hupenda kukaa pamoja na almasi. Siku alipoviona alikuja kwangu kunywa chai akashindwa kukaa kitini kwa furaha. Lori la kupeleka magunia hayo Nairobi, kwenye maabara, lilikuwa njiani. Wenye pesa walikuwa wamechoka kusubiri. Magunia yakifika, kampuni inaendelea. Yasipofika, imekwisha. Hayo yote nilikuwa nayajua, kwa sababu alinieleza mwenyewe, kwenye kikombe changu.

Ndiyo maana sikumwomba. Wallahi, mimi Yurub ambaye huomba hata chumvi nikiwa nayo, nilishindwa kufungua mdomo. Nilimtazama tu Timiro.

Mahat aliagiza magunia yaletwe yatupwe mazima, yawe ngazi, akitumaini kuyatoa baadaye. Wakatupa mawili. Timiro akaweka mguu katikati yake, ukazama, ukakwama, na kidogo uvunjike. Jelle aliukwamua kwa mikono yake. Basi ikajulikana kwamba lazima zimwagwe kokoto zenyewe.

Mahat alichuchumaa mbele ya magunia. Sijui aliwaza nini, hakuniambia hata baadaye. Deeq alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo ndiyo kazi yao yote, na kwamba ngamia anaweza kulipwa, watu wa hapa wana desturi zao za fidia. Deeq si mtu mbaya, alikuwa anamhurumia bosi wake. Mahat alimsikiliza mpaka mwisho.

"Deeq," akasema, "lete kisu."

Gunia la kwanza alilipasua yeye. Kokoto zilimiminika kwa sauti kama mvua kwenye bati. Watu wote wakashika kazi. La pili, la tatu, mpaka nikaacha kuangalia magunia nikaangalia miguu ya mnyama wangu ikipanda. Alama za kina, vijiwe vyekundu, yote yalichanganyika chini ya kwato. Jua lilipopita utosini, Timiro aliweka mguu wa mbele ukingoni, akajivuta, akasimama juu ya nchi kavu, akajikung'uta vumbi akatujaza sote. Nikakaa chini pale pale nikalia, mbele ya wanaume, na wala sikujali.

Kabla ya magharibi alizaa kwenye kivuli cha mgunga. Ndama jike, mzima, masikio makubwa. Mahat alikuwepo, ndiye aliyemsafisha pua kwa pindo la kanzu yake.

Nilimuuliza kama hawezi kuchimba tena azitoe kokoto zake. Alinieleza bila uchungu kwamba kokoto zilizochanganyika husema uongo. Hata almasi ikipatikana humo, hakuna atakayejua imetoka kina gani, na watu wa Nairobi hawatoi pesa kwa maneno ya huenda. Kuchimba shimo jingine kungehitaji msimu mwingine, na msimu mwingine hakupewa. Kaka yangu Jelle, ambaye akili yake wakati mwingine huchelewa kufika, akaanza kusema kwamba bado kuna suala la shimo kutozungushiwa ua, na wazee wanapaswa kukaa. Nilimtazama mara moja tu. Suala likaisha hapo.

Kampuni ilifungasha. Siku ya kuondoka, Mahat alipita kuniaga, na mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilimpeleka zizini, kwa ndama. Mkononi nilikuwa na kamba moja ya kijani, niliyoiokota pale shimoni siku ile, ya gunia alilolipasua la kwanza.

Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake hufungwa kwenye mkia wa ngamia jike. Ngamia huyo ni wake tangu siku hiyo, yeye na wote atakaowazaa, na hakuna wa kumnyang'anya, hata baba yake. Ndiyo mwanzo wa mali ya mtu, na ndiyo dalili kwamba ana kwao. Mahat anaijua desturi hiyo. Aliponiona nachuchumaa nyuma ya ndama akaelewa kabla sijasema, akaanza kukataa. Alisema ndama ni maziwa ya kesho ya wajukuu wangu, na kwamba yeye alifanya alichopaswa kufanya, kwani shimo lilikuwa lake.

"Nyamaza," nikamwambia. "Mtoto mchanga huwa hakatai. Kitovu chako kilizikwa Wajir, sina namna ya kukipata. Nina hii."

Nikaifunga kamba kwenye mkia wa ndama, fundo la kwanza, la pili. Nikamwambia kuanzia leo amezaliwa katika nyumba yangu, na mimi nitamchungia ngamia wake mpaka atakapomtaka. Mahat aligeuka akatazama milima muda mrefu. Kisha aliniinamia, akanibusu mkono kama mwanangu, akaenda kupanda gari lake la mlango wa waya.

Mvua zilikuja. Timiro alitoa maziwa mpaka nikaazima vibuyu, na Ilhan akaanza kuyauza tena kwenye kituo cha magari. Watoto wakanenepa mashavu. Kila kikombe nilichomimina nilimtaja aliyenipa, na Ilhan akawa ananicheka kwamba nitamchosha Mungu kwa jina moja.

Kisha Mahat akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala mchana. Kampuni ilikuwa imefungwa, gari limeuzwa, Deeq ameshapata kazi ya lori. Yeye alikuwa kwa dada yake Wajir, anaomba kazi huku na huku, hapati. Alisema amepiga kunisalimu tu.

"Nimerudi nyumbani mikono mitupu, mama," akasema. "Umri huu wangu, sina kitu."

Nilisimama wima. Si kwa huruma, jamani, ni kwa hasira.

"Nani hana kitu?" nikamuuliza. "Una ngamia Banissa, tangu asubuhi anakula majani ya mgunga. Una mama anayemchunga. Mtu asiye na kitu si wewe, na usilitukane zizi langu tena."

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kumbe alikuwa analia, na mimi nikamwacha alie, kilio kingine ni cha afya. Alipotulia akaniuliza ngamia wake yukoje. Nikamwambia ni mkorofi, anauma watu, na saa za joto hupenda kwenda kulala pale shimo lilipofukiwa, kwa sababu ndipo mahali pekee penye udongo laini. Mahat akacheka kidogo. Akaniuliza kama bado ana ile kamba mkiani.

Nikamwambia kamba ilikatika zamani, mvua za kwanza tu. Nikamwambia asihuzunike, hata kitovu hukatika, na mtoto hubaki wa mama yake. Nikamuuliza anakuja lini kumwona ngamia wake. Akasema Ijumaa, akipata gari, na mimi nikamwambia Ilhan aanze kugandisha maziwa.