Sifuri Alipoihama Rula

Usingizi uliponichukua jana usiku, niliota nimefika shuleni na kukuta rula imesimama mlangoni pa darasa langu, inanisubiri.

Ilikuwa rula ya mita, ile ya mbao ninayofundishia darasa la pili. Mimi naitwa Subilaga, na shule yetu iko Rungwe, kwenye mteremko unaoijua mvua kuliko jua. Siku hizi nawafundisha watoto kupima urefu, na kila siku ni yale yale. Mtoto analaza penseli juu ya rula, anaianzishia kwenye moja, anasoma ncha ya pili, kisha ananitangazia urefu uliozidi kwa sentimita nzima. Kinara wao ni Tupokigwe, msichana mwenye sauti kubwa na pengo mbele. Nimemwambia aanzie kwenye sifuri mpaka koo limenikauka. Anajibu kwa adabu, "Sawa, mwalimu," halafu anaanzia kwenye moja.

Katika ndoto sikushangaa kuiona rula imesimama. Nilishangaa tu kwamba haikuniamkia.

"Mwalimu," ikasema, "Sifuri ameacha kazi."

Nikainama kutazama mwisho wake wa chini. Kweli. Moja alikuwepo, Mbili alikuwepo, na wengine wote walikuwa kwenye mistari yao. Mahali pa Sifuri palikuwa peupe, kama ukuta ulioondolewa picha.

Nikauliza kama aliaga. Rula ikasema aliaga vizuri, akaeleza kwamba anakwenda mahali anakoheshimiwa. Nikasema basi tutaendelea bila yeye, kwani yeye mwenyewe si kitu. Rula ikasema nitaona mwenyewe.

Nikaona. Kengele ilianza kulia kutoka pigo la pili. Mstarini watoto waliimba kuanzia ubeti wa pili. Vikombe vya uji vilifika vimeshapungua funda la kwanza, na hakuna aliyekuwa amelinywa. Mwalimu Mkuu, mzee Ambilikile, akapanda jukwaani, akasema, "Na hiyo ndiyo sababu sitavumilia," akashuka. Sababu gani, hatukuambiwa. Tukaingia darasani moja kwa moja kipindi cha pili, maana cha kwanza kilikosa pa kuanzia.

Hapo akaingia mkaguzi. Alikuwa futi ya kushonea, ya njano, iliyojizungusha kwenye shingo yake yenyewe. Watoto wakasimama wakamwamkia, akaitikia marahaba. Kwa upole kabisa akaeleza kwamba ukaguzi wa siku hiyo una sharti moja tu: kitu kikishapimwa, kitakuwa na urefu ule uliosomwa.

Tupokigwe anapima penseli yake. Anaianzishia kwenye moja. "Nane," anasema.

Penseli, ambayo tangu inunuliwe haijawahi kuwa zaidi ya saba wala kulalamika, inapiga mwayo, inajinyoosha, inakuwa nane.

Watoto walifurahi mno. Wakapima vifutio, wakapima daftari, mmoja akapima sikio la jirani yake. Kila kitu kikaongezeka. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akawaambia wapime mfereji.

Mbele ya mlango wetu unapita mfereji mdogo wa maji ya mvua. Watoto wanauruka kila siku bila kuutazama. Wakaupima, wakianzia kwenye moja, na mfereji ukatanuka. Mkaguzi akasema warudie mpaka majibu mawili yafanane. Wakarudia, ukatanuka tena. Majibu yangefananaje, na kila wakipima wanauongeza? Kabla sijapata cha kusema, mbele ya mlango palikuwa na korongo. Mawingu yalipita chini yetu, na chini ya mawingu wachuma chai walionekana wadogo kama punje za mtama.

Ng'ambo walisimama akina mama waliokuja kuchukua watoto wao, na miavuli yao. Mama Tupokigwe alikuwa ameshika sweta. Akaliinua ili mwanawe alione, maana kulikuwa na baridi. Tupokigwe akanyoosha mkono. Ndipo watoto wakaanza kulia, si kwa kelele, kwa kile kilio cha chini kinachomtisha mwalimu kuliko kelele.

Nikamuuliza mkaguzi watafikaje nyumbani.

"Wasipofika," akasema, "watakulia hukuhuku."

Nikaishika rula, nikaiuliza Sifuri yuko wapi. Ikasema nifungue kabati. Nikafungua kabati la chaki, nikaingia, na nilipoinua uso nilikuwa uwanja wa mpira, mechi inaendelea, watu wamejaa.

Sifuri nilimwona mara moja. Alikuwa juu ya ubao wa matokeo, mnene, hana kona hata moja, amevaa soksi za mchezaji. Alikuwa anakaa upande wa wenyeji, kisha anaruka upande wa wageni, kisha anarudi, upesi kiasi kwamba watazamaji waliamini wako wawili.

Nikamwambia nimekuja kumchukua.

"Siendi," akasema, akiruka. "Hapa kila mechi inaanzia kwangu. Hakuna refa aliyewahi kuanzia kwa Moja."

Nikamweleza kwamba watoto hawamdharau. Wamejifunza kuhesabu kwa vidole, na hakuna kidole kinachoitwa sifuri. Ukigusa cha kwanza, tayari ni moja. Hawajui bado kwamba kwenye urefu hatuhesabu mistari, tunahesabu safari kutoka mstari hadi mstari. Nikamwambia pia kuhusu korongo, na sweta lililo ng'ambo.

Kwa sweta alisita kidogo, akachelewa kuruka, na kwa kitambo kile wageni hawakuwa na matokeo yoyote.

"Wanasema mimi si kitu," akasema. "Nitakaa kwa mtoto atakayeniambia mimi ni nani. Lakini hapa siwezi kutoka mpaka bao liingie. Ndivyo mkataba unavyosema."

Nikavua kitenge nilichojifunga juu ya gauni, nikaingia uwanjani. Refa akauliza nachezea timu gani. Nikasema darasa la pili. Akaniruhusu. Mpira wenyewe ukaja miguuni pangu, ukaninong'oneza nipige chini, kushoto, kwa sababu kipa ana mafua.

Napiga. Kipa anapiga chafya. Bao.

Uwanja mzima ukainuka. Moja akapanda kwenye ubao, upande wa wenyeji. Sifuri akajaribu kubaki upande wa wageni, lakini refa akamwambia mtu haachishwi kazi nusu, akamtoa mzima. Palipokuwa pake pakabaki patupu. Akashuka, akabingirika nyuma yangu mpaka kabatini.

Darasani walikuwa wameendelea kupima. Miavuli ya ng'ambo ilikuwa nukta. Nikamsimamisha Sifuri mbele ya ubao, nikawaambia watoto kwamba mgeni huyu anataka kujua yeye ni nani. Mmoja akasema ni yai. Mwingine akasema ni bangili ya bibi yake. Sifuri akawashukuru, akaanza kubingirika kuelekea kabatini.

Tupokigwe hakuwa anamtazama. Alikuwa kizingitini, miguu yote miwili pamoja, macho yako ng'ambo. Alikuwa anapanga namna ya kwenda kwa mama yake, na alipanga kwa sauti, kama anavyofanya kila kitu.

"Kwanza niko hapa," akasema. "Hapa sijapiga hatua hata moja. Nikipiga, ndiyo moja." Kisha akageuka, akamtazama Sifuri kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. "Kumbe wewe ndiye hapa."

Sifuri akasimama.

"Rudia," akasema.

"Wewe ndiye hapa nilipo, kabla sijaondoka."

Sifuri akakohoa, akavua soksi za mpira, akazikunja vizuri, akaenda kuketi kwenye rula, mwisho kabisa wa kushoto. Pakasikika mlio mdogo, kama komeo linapoingia mahali pake.

Rula ikajilaza juu ya korongo. Kwa macho ilikuwa fupi mno kwa kazi ile, lakini haikuonekana kulijua hilo. Tupokigwe akaweka visigino kwa Sifuri. Hakuhesabu. Nilimwona amebana midomo ili moja isimtoke mapema. Akapiga hatua, na mguu ulipotua tu, akasema, "Moja."

Ng'ambo ikasogea.

"Mbili." Ikasogea tena, na mawingu yakabanwa katikati yakatoka kwa pembeni. Wenzake wakapanga mstari nyuma yake, kila mmoja akianza na visigino kwa Sifuri, kila mmoja akinyamaza kabla ya hatua ya kwanza. Walihesabu kwa sauti moja. Akina mama nao wakaanza kuhesabu. Wachuma chai chini wakainua vikapu wakahesabu. Korongo likajifunga kama zipu, mpaka ukabaki mfereji mdogo wa maji ya mvua, na Tupokigwe akauruka bila kuutazama, akaingiza mikono kwenye sweta.

Mkaguzi akaamuru mfereji upimwe mara mbili. Majibu yakafanana. Akajivua shingoni, akajilaza mbele ya Tupokigwe, akamwomba ampime na yeye, kwani siku zote amewapima wengine. Tupokigwe akaulinganisha mwanzo wake na Sifuri, akasogeza rula kila ilipoishia, akasoma taratibu. Mkaguzi alikuwa mrefu sawasawa na alivyokuwa akisema. Alifarijika sana.

Mzee Ambilikile akapanda tena jukwaani. "Wanangu, leo ni siku ya furaha," akasema. "Na hiyo ndiyo sababu sitavumilia mtu wa kununa." Tukapiga makofi. Watoto wananibeba juujuu, viatu vyangu vina matope ya uwanjani, wanaimba wimbo wa shule kutoka ubeti wa kwanza, na mimi naimba kuwashinda wote.

Niliamshwa na sauti yangu mwenyewe. Kulikuwa kumekucha. Mume wangu, Gwakisa, alikuwa jikoni anachemsha chai, redio imewashwa, msomaji wa habari yuko kwenye michezo. Msomaji alisema jana wenyeji walipata ushindi wa dakika za mwisho, kwa bao moja kwa.

Akanyamaza. Nikasikia karatasi inageuzwa.

"Bao moja kwa," akasema tena. Akakohoa. Akaomba radhi, akasema upande wa pili wa matokeo haukuandikwa kitu, akahamia kwenye hali ya hewa.

Gwakisa akauliza redio imepatwa na nini. Nikamwambia haina shida yoyote. Nikaamka, nikaifungua rula kutoka kwenye kitenge nilichoifungia jana nilipotoka nayo shuleni, nikatazama mwisho wake wa kushoto. Alikuwa ameketi pale, mnene, mweusi, mahali pake.